Dirisha Kwenye Jicho la Simba

Ujumbe ulinikuta Dar es Salaam nikiwa naanika nguo. "Mwalimu anasema tuje wote. Kila mtu na picha moja, aliyoichora akiwa anakiangalia kitu chenyewe. Macho yanamwishia, anataka kuona kabla hayajazima." Aliyeandika ni yule aliyekuwa mkubwa kuliko sote pale kwa Mwalimu aliyetufundisha kuchora utotoni. Mpaka leo tunamwita Kaka Mkubwa, ingawa sasa ana kitambi na watoto wa sekondari. Nilirudia kuusoma ujumbe huo, nguo nyingine zikabaki kwenye beseni. Nilikuwa nimeacha brashi tangu nilipoingia chuo kikuu, nikasomea mambo ya jamii, nikazoea kuuliza kila jambo limetoka wapi na linamfaa nani. Nilidhani uchoraji umenitoka. Lakini pale uani, kwenye joto la Dar, nilinusa masizi yaliyochanganywa na mafuta ya alizeti, nikajua nitapanda basi.

Sijui kama umewahi kufika Karatu mwezi wa sita, rafiki yangu. Asubuhi ukungu unashuka kutoka msitu wa Ngorongoro, unalala juu ya mashamba mpaka huoni zizi la jirani. Visigino vinapasuka. Udongo mwekundu unaingia kwenye nyufa hizo na hautoki hata usugue kwa jiwe. Nyumbani kwa bibi siku ilianza na moshi na uji wa mtama, kisha tunapewa ungo tupepete maharage, au mahindi tupukuchue mpaka dole gumba liwake moto. Bibi alituamrisha kwa Kiiraqw na kutusifu kwa Kiswahili, labda kwa sababu sifa zilikuwa chache na maneno ya Kiswahili aliyoyajua yalitosha. Jumamosi ndiyo siku aliyoniachia mapema. Alinifungia viazi vitamu kwenye kitenge na kuniambia, "Haya, nenda kwa yule mtu wenu wa kuchafua nguo."

Yule mtu wa kuchafua nguo alikuwa Mwalimu. Alifundisha kwenye ghala kuukuu la ngano, upande wa Oldeani, lililobaki baada ya shamba kubwa la zamani kugawanywa. Kuhusu alikojifunza yeye kuchora, kila mtu Karatu ana hadithi yake: wengine wanasema alisoma ng'ambo, wengine wanasema alifundishwa na mgeni aliyekuja kuchora ndege. Mimi siamini hata moja. Nilimuuliza mwenyewe akanijibu kwamba alijifunza kwa kuchunga mbuzi wa baba yake, kwa sababu mchungaji asiyeangalia anapigwa. Hilo naliamini kidogo.

Rangi tulitengeneza wenyewe. Udongo tuliuchekecha kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama unga wa muhogo, masizi tuliyakwangua kwenye masufuria ya mama zetu, chokaa ilitoka kwa mafundi ujenzi. Vyote vilikorogwa kwa mafuta ya alizeti, ambayo hayakauki upesi, kwa hiyo picha zetu zilikuwa mbichi wiki nzima na nzi walikufa juu yake. Turubai lilikuwa shuka la amerikani lililopakwa gundi na kukazwa kwenye mbao. Nilikuwa na umri wa kucheza rede, na badala yake nilikuwa nabishana kama kivuli cha chungu ni cheusi au ni cha zambarau. Mwalimu alinipa jina la Kwanini. "Kwanini amefika," alisema nikitokea mlangoni, "sasa tutachelewa kumaliza."

Jambo moja halikuruhusiwa kwake, nalo ni kuchora kitu cha jumla. Ukimpelekea ng'ombe, anakuuliza, "Ng'ombe gani?" Ukisema ng'ombe tu, anakurudishia. "Hakuna ng'ombe tu duniani. Nenda kamtafute mmoja." Siku ya mnada alituchukua mpaka uwanjani, kwenye vumbi na kelele za madalali na harufu ya nyama choma, kila mmoja na ubao wake na kipande cha mkaa. Tulichagua mnyama mmoja tukamchora. Baadaye Mwalimu aliwaita wenye mifugo waje kutusahihisha.

Msahihishaji wetu mkubwa alikuwa mfugaji mzee aliyeshusha mifugo kutoka upande wa Endulen. Tulimwinamia vichwa atuguse utosini, ndivyo watoto wanavyomsalimia mzee wa Kimasai, kisha tukapanga mbao zetu chini mbele ya makubazi yake ya tairi. Alizipita moja moja akiegemea fimbo. Akisema "ng'ombe," umeanguka. Akicheka, umeanguka vibaya zaidi. Lakini siku moja alisimama mbele ya ubao wa Kaka Mkubwa, akageuka kuangalia kundi lake, kisha akaita, "Nanyokie!" Lilikuwa jina la jike lake jekundu. Ng'ombe mwenyewe aligeuza kichwa kule alikofungwa. Mzee akamwambia Mwalimu, "Huyu mtoto wako asije kwangu usiku. Ataniibia ng'ombe wangu wote kwa mkaa wake." Tulipiga kelele mpaka madalali wakatufukuza.

Nakuambia hivi ili ujue kilichokuwepo. Sikuwahi kuona mtihani mwingine wa namna ile, na nimefanya mitihani mingi tangu hapo.

Halafu kulikuwa na siku ya jicho. Upepo wa Julai ulikuwa mkali, tukashindwa kukaa nje, Mwalimu akaingiza mwanambuzi ghalani akamfunga katikati. Ghala lile lilikuwa na dirisha moja tu, la vioo vinne, upande wa kushoto. Kila mmoja alichora mbuzi na kumwekea jicho jeusi. Mwalimu alituambia jicho la namna ile ni tundu la panya. Akatuita mmoja mmoja tupige magoti karibu na uso wa mbuzi.

"Unaona nini ndani ya jicho?"

"Weusi, Mwalimu."

"Angalia tena."

"Kitu cheupe."

"Cheupe gani? Mviringo? Mstari?"

Ilikuwa zamu yangu, na nakumbuka pumzi ya mbuzi yule ilinuka maziwa. Nikaliona. Mraba mdogo mweupe, mdogo kuliko punje ya ulezi, wenye msalaba katikati. "Dirisha!" nilipiga kelele. "Mwalimu, dirisha letu limo ndani ya mbuzi!" Wengine walisukumana kuja kuona. Mwalimu alifurahi kiasi cha kukaa chini sakafuni. Alisema jicho linabeba chochote kilicho mbele yake, na mchoraji asiyelichungulia hawezi kujua mnyama anakaa katika dunia gani. Kisha akachukua brashi nyembamba, akaonyesha: mraba wa chokaa, msalaba wa masizi kwa ncha. Mbuzi wa turubai akafungua jicho. Naapa nilirudi nyuma.

Siku hiyo nilikwenda nyumbani nikiangalia macho ya kila kitu, ya kuku, ya mbwa wa jirani, ya bibi. Bibi aliniuliza kama nimerogwa.

Basi, nilipanda basi. Kuanzia Mto wa Mbu nilianza kuziona, maana barabara yote ile ya kwenda getini Ngorongoro sasa ni maduka ya picha na vinyago. Picha zimening'inizwa nje kama nguo zilizofuliwa: simba, tembo, morani aliyeegemea mkuki, kifaru ndani ya Kreta. Uchoraji wa kweli, kila singa ya simba imehesabiwa. Nilijua mikono ile. Walikuwa watoto wa ghalani, au watoto waliofundishwa na watoto wa ghalani, kwa sababu hakuna mwingine aliyefundisha watu kuchora hivyo wilaya nzima. Nikafikiri, kwa kiburi cha mtu aliyeacha kazi, kwamba Mwalimu ameshinda.

Tulikutana nyumbani kwake, ambako sasa anatunzwa na binti yake. Binti alituwekea mabenchi uani na chupa za chai na maandazi, akatueleza kwa sauti ya chini kwamba ni presha ya macho, haiponi, baba anaona kama anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu linazidi kuwa dogo. "Msimchoshe," alisema. "Amelisubiri hili kama harusi."

Wenzangu walikuja na picha zao zimefungwa kwenye mashuka. Mimi nilikuja na mkoba wa nguo.

"Msomi kaja mikono mitupu," alisema Kaka Mkubwa.

"Si kweli," alidakia mchoraji mmoja wa Mto wa Mbu, mcheshi wetu tangu utotoni. "Kaja na maswali. Mpeni ukuta mzima ayatundike."

Tulicheka, na kwa muda mfupi ilikuwa kama zamani. Picha ziliegemezwa ukutani kuzunguka ua. Mwalimu akatolewa ndani. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mzee, lakini sikujiandaa kumwona akitembea kwa kupapasa hewa. Alitusalimia kila mmoja kwa kushika uso. Alipofika kwangu alisema, "Kwanini. Umekonda. Chuo hakina chakula?"

Kisha akaanza. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia turubai, akalipitisha tundu lake la ufunguo juu ya picha polepole, kutoka kona hadi kona, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Ya kwanza ilikuwa ya Kaka Mkubwa: simba dume amelala kwenye nyasi za Kreta, saa sita mchana, anga tupu. Mwalimu alisifu manyoya. Alisifu rangi ya vumbi. Akafika kwenye jicho, akatulia hapo.

"Simba huyu alikuwa wapi?"

"Kreta, Mwalimu. Uwandani."

"Nje?"

"Nje kabisa."

"Dirisha hili limefikaje Kreta?"

Mcheshi wetu aliangua kicheko, akakikata. Nikasogea kuangalia. Ndani ya jicho la simba, upande wa kushoto, kulikuwa na mraba mdogo mweupe wenye msalaba.

"Si ndivyo ulivyotufundisha, Mwalimu," alisema Kaka Mkubwa, na alisema kwa upendo. "Jicho bila dirisha ni tundu la panya. Hata vijana wangu nawafundisha hivyo hivyo."

"Huyu simba ulimwona?"

"Kwenye simu. Mgeni mmoja alinitumia, picha safi sana."

Mwalimu alikwenda kwenye picha ya pili, na safari hii hakuangalia manyoya wala vumbi, alikwenda moja kwa moja kwenye jicho. Tembo mtoni: dirisha. Morani kilimani akiangalia jua linalozama upande wake wa kulia: dirisha, kushoto. Mwanamke akikama maziwa ndani ya boma, mahali ambapo kioo hakijawahi kufika: dirisha la vioo vinne. Aliuzunguka ua wote. Binti yake alitaka kumshika mkono, Mwalimu akautoa. Mwishoni alibaki amesimama mbele ya ukuta mtupu, nadhani alidhani bado zipo nyingine.

Mwenzangu mmoja akasema, ili kuliondoa jambo lile pale uani, kwamba hiyo ni heshima kwake, kwamba dirisha limekuwa kama sahihi ya Karatu na wageni wanalipenda.

"Miaka yote ile," alisema Mwalimu, "nilidhani mnamwangalia mbuzi. Kumbe mlikuwa mnaniangalia mimi."

Akaomba arudishwe ndani. Chai ikapoa. Watu walifunga picha zao taratibu kama watu wanaoondoka msibani, na Kaka Mkubwa, ambaye mkono wake siku moja ulimfanya mfugaji amwite ng'ombe wake kwa jina, alifunga shuka la simba wake mara mbili kwa sababu fundo la kwanza lilimponyoka. Sikumwona na hatia. Nani angemlisha akikaa wiki tatu Kreta kusubiri simba mmoja ageuze kichwa? Mtu aliyekaa kiti cha nyuma cha gari la watalii haoni simba, anaona kofia za watalii. Nilijaribu hata kumlaumu Mwalimu. Kwa nini alituonyesha kwa brashi yake mwenyewe? Angetuacha tuhangaike. Lakini mtoto akionyeshwa dirisha na mtu anayempenda, atafanya nini zaidi ya kulibeba?

Kabla sijaondoka binti alikuja kuniita. Mwalimu alikuwa amekaa kitandani, ameuelekeza uso mlangoni.

"Wewe hukuleta," alisema.

"Niliacha, Mwalimu."

"Najua. Mkono umekufa?"

"Sijui."

"Basi niletee mbaya. Nataka moja tu. Wahi."

Sikurudi Dar. Nilihamia kwenye nyumba ya bibi, ambayo siku hizi mama mdogo ndiye anayeiangalia, nikaazima kiti na kila asubuhi nikakaa kwenye malisho mbele ya ng'ombe wa jirani, jike jeupe lenye madoa ya kahawia shingoni na pembe moja iliyovunjika. Mkono ulikuwa umekufa kweli. Miguu ya ng'ombe ilitoka kama ya meza. Mama mdogo alipita na ndoo, akaangalia, akasema, "Mwanangu, kwa elimu yote ile," akaendelea na safari yake. Nilikuwa nikifuta na kuanza upya. Na kila nilipofika kwenye jicho, rafiki yangu, sitaki kukudanganya, mkono ule ule ambao haukuweza mguu uliweka mraba mweupe upande wa kushoto, haraka, bila kuniuliza. Mimi ambaye nilijidai nahoji kila kitu! Nilikuwa nimehoji dini ya bibi, vitabu vya maprofesa, habari za redioni, na hapo hapo nilikuwa nimelibeba dirisha lile tangu utoto bila kulihoji hata siku moja.

Ikabidi nipige magoti. Jike lilinivumilia, likinipulizia pumzi ya majani. Niliangalia mpaka macho yakanitoka machozi ya upepo. Hakukuwa na dirisha. Kulikuwa na utando mpana wa mwanga, buluu hafifu, uliopinda kama upinde juu ya jicho zima. Chini yake mstari wa nguzo za uzio, zimeinama pande zote mbili. Na katikati, pakiwa peusi, kichwa cha mtu na bega moja. Nilichora hicho. Kilinichukua siku nyingi kuliko ng'ombe mzima. Nilipomaliza picha ilikuwa mbaya kama alivyoomba, isipokuwa mahali pale padogo kama punje ya harage, ambapo ilikuwa sawa.

Nilitamani mfugaji wa Endulen aione. Niliulizia mnadani. Waliniambia ni muda mrefu hajaonekana, watu wake walihama, na kila niliyemuuliza alitaja upande mwingine. Ghala nalo halipo. Walilivunja, wakamwaga kifusi barabarani, pale sasa ni maegesho ya magari ya loji. Nilisimama katikati ya magari nikijaribu kukisia ukuta wa kushoto ulikuwa wapi. Mlinzi akaniuliza namtafuta dereva gani.

Nilifika kwa Mwalimu mchana wenye jua. Binti yake alinifungulia, na kabla sijaingia nilijua, kwa jinsi alivyoipokea picha mikononi mwangu akaiangalia yeye, kwa niaba ya baba yake. "Tangu juzi," alisema. "Anatofautisha mchana na usiku tu."

Alikuwa uani kwenye benchi. Niliichukua picha kwa binti nikampa. Aliishika kwa mikono miwili, akaileta puani, akaipeleka kulia, akaipeleka kushoto, akaisogeza mbali, akaileta tena. Alikuwa ameishika kichwa chini miguu juu. Sikumwambia.

"Ng'ombe gani?"

"Wa jirani yetu. Jike. Pembe moja imevunjika."

"Jicho lake lina nini?"

"Anga, Mwalimu. Uzio. Na mimi nimepiga magoti."

"Hakika?"

"Hakika."

Aligusa turubai kwa kidole, rangi ikamganda, kwa sababu mafuta ya alizeti bado yalikuwa mabichi. Alikisugua kidole kile kwa dole gumba kwa muda mrefu.

"Ningeweza kukubishia," alisema. "Ningekuambia uzio haupindi hivyo, rudi ukaangalie. Sasa itanibidi nikuamini."

Alilisema hilo kwa huzuni ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata siku ile ya simba. Na mimi nilielewa kwamba nilikuwa nimechelewa kwa namna ambayo haina dawa. Picha ninayo, iko chumbani kwangu Dar, imegeukia ukuta. Jioni nyingine naigeuza na kujiuliza kama nguzo zile kweli ziliinama hivyo, au niliziinamisha ili kumfurahisha mzee. Sijui. Katika Karatu yote, na barabara yote hadi getini, alikuwepo mtu mmoja tu wa kunirudisha malishoni nikaangalie tena.